Saa ya Marehemu Baba Ina Thamani Gani?

Katika barua zilizonifikia juma hili imo moja iliyotoka kwa mkulima wa kahawa, nami nimeona yafaa niijibu hapa mbele ya wote, maana jambo analouliza si lake peke yake. Asema kwamba baba yao alifariki mwaka jana, akaacha shamba, ng'ombe watatu, na saa ya mkono ya zamani. Juu ya shamba na ng'ombe walipatana bila ugomvi, lakini saa imewashinda. Kaka yao mkubwa, ambaye ni karani mjini, asema saa kama hiyo yapita bei ya ng'ombe. Mdogo wao aliichukua akaenda kumwonyesha mfanyabiashara mmoja, naye akamwambia atampa shilingi 4,000, tena kwa hisani tu. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawasemezani vizuri. Saa imerudishwa kwa mama yao, naye ameifunga katika leso na kuiweka sandukuni. Mkulima wetu auliza: "Bwana Mwandishi, saa hii ina thamani gani hasa?"

Swali ni fupi, lakini jibu lake si fupi. Sikuiona saa yenyewe, wala sitakisia bei ya kitu nisichokiona. Lakini naweza kumwonyesha njia ambayo mtu aweza kuifuata mpaka akalifikia jibu la kweli. Na neno moja namwambia tangu sasa: mtu anayetaka kununua asiwe ndiye anayekadiria. Mfanyabiashara yule huenda ni mtu mwema, na huenda shilingi 4,000 ni bei ya haki. Lakini faida yake yatokana na kununua kwa bei ya chini, na mtu hawezi kuwa hakimu katika shauri lake mwenyewe.

KWANZA, NI MALI YA NANI?

Kabla ya kuuliza bei, yatupasa kuuliza mwenyewe ni nani. Katika Kenya iko Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo yasema kwamba mtu akifa bila kuacha wosia, naye ameacha mjane mmoja na watoto, basi vitu vyake vya matumizi ya mwili na vya nyumbani ni mali ya mjane kabisa. Katika vitu hivyo zimo nguo, mapambo, vyombo na samani. Saa ambayo mzee alikuwa akiivaa mkononi kila siku ni kitu cha matumizi ya mwili. Maana yake ni kwamba ndugu hawa watatu wanagombania kitu ambacho kwa sheria ni cha mama yao, yule yule aliyekifunga katika leso. Hata katika shamba na mali nyingine mjane ana haki zake, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Mambo hubadilika ikiwa hali ni nyingine. Ikiwa marehemu aliacha wosia halali, wosia wake ndio unaofuatwa. Ikiwa alikuwa na wake zaidi ya mmoja, vitu vyake hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kadiri ya hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kuwa mtu mmoja zaidi katika nyumba yake. Ikiwa marehemu alikuwa Mwislamu, urithi wake hufuata sheria ya dini yake, ambayo humpa kila mrithi fungu linalojulikana.

Tena sheria hiyo hiyo yakataza mtu yeyote asiye na mamlaka kuchukua au kuuza mali ya marehemu. Akionekana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa gerezani muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Basi kijana aliyeipeleka saa sokoni, hata kama alikwenda kwa nia njema, alikuwa akikaribia hatari asiyoijua. Kuuliza thamani si kosa. Kuuza kabla ya kupewa mamlaka ndilo kosa.

THAMANI SI MOJA

Watu wengi hudhani kwamba thamani imo ndani ya kitu kama kokwa ndani ya embe, na ya kuwa fundi akikipasua ataiona. Sivyo. Saa moja, siku moja, yaweza kuwa na bei tatu au nne, na zote zikawa za kweli. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa ndugu unapoanza, maana huyu ataja bei moja na yule ataja nyingine, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwongo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuzaji wa saa kuukuu ameweka dirishani saa iliyo sawa na ya baba yenu, na karatasi yake yasema shilingi 70,000. Hiyo ndiyo bei ya kununua dukani. Ukimpelekea ya kwako hatakupa 70,000, kwa kuwa ana kodi ya duka, ana ujira wa fundi, na huenda saa ikakaa dirishani mwaka mzima kabla ya kupata mnunuzi. Huenda akakupa 35,000 au 40,000. Hiyo ndiyo bei ya kumwuzia mfanyabiashara. Ukimpata wewe mwenyewe mtu anayeitaka kwa kuivaa, huenda mkapatana kwa 50,000. Hiyo ni bei ya mkono kwa mkono. Saa ni moja, nazo bei ni tatu, wala hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo anayekadiria sharti aulizwe kwanza, "Nakadiria kwa ajili ya nini?" Ikiwa ni kwa ajili ya bima, bei ifaayo ni ile ya dukani, maana saa ikiibwa utataka kununua nyingine iliyo mfano wake. Ikiwa ni kwa ajili ya mirathi, kisio lifaalo ni bei ambayo mnunuzi mwenye hiari angempa muuzaji mwenye hiari katika siku aliyofariki mwenyewe, pasipo mmoja wao kuharakishwa. Hati za kuomba usimamizi wa mirathi hutaka orodha ya mali pamoja na kisio la thamani yake, nalo si jambo la kujaza kwa kubahatisha. Na ikiwa ni kwa ajili ya kuuza kesho, basi uliza bei ambayo mtu atakupa kesho mkononi, wala si ile unayoiona dirishani.

ISOMENI SAA YENYEWE

Saa ni kama hati. Ukijua kuisoma, yenyewe itakuambia umri wake na ukoo wake. Chukueni karatasi na kalamu, mwandike yote mnayoyaona: jina lililo usoni, maneno yote hata yale madogo kabisa yaliyo chini karibu na tarakimu 6, maandishi ya mgongoni, na nambari zote bila kuacha hata moja.

Nambari hizo zina kazi. Katika saa za Rolex za zamani ziko kwenye kasha, mahali penye kushika mkanda. Upande wa tarakimu 12 iko nambari ya aina ya saa, na upande wa tarakimu 6 iko nambari ya saa yenyewe, nazo hazionekani mpaka mkanda uondolewe. Katika saa za zamani za Omega nambari ya saa imo kwenye mashine ndani. Ikiwa ni kiasi cha milioni 10, saa hiyo ni ya karibu mwaka 1944, na ikiwa ni kiasi cha milioni 20, ni ya karibu mwaka 1963.

Seiko, ambazo wazee wetu wengi walizivaa, zina utaratibu wao. Kwa kawaida nambari ya mgongoni yaanza kwa tarakimu ya mwaka, kisha ya mwezi. Ikianza kwa 82, saa ilitengenezwa mwezi wa Februari wa mwaka unaoishia kwa 8. Lakini ni 1978, au 1988, au 1998? Hapo tazameni nambari ya aina ya mashine, ambayo pia huandikwa mgongoni. Ikiwa ni 7S26, mashine hiyo ilianza kutolewa mwaka 1996, kwa hiyo saa haiwezi kuwa ya 1988. Haya ni mambo ambayo mtu yeyote ajuaye kusoma aweza kuyafanya mezani kwake bila kulipa hata senti.

Wengine watakuta mgongoni alama ya mshale mpana na herufi W.W.W. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Saa za namna hiyo zilitengenezwa na viwanda 12 vya Uswisi kwa ajili ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, na zilitolewa mwaka 1945. Katika viwanda hivyo walikuwamo Omega, Longines, Cyma, Timor na Grana, na za Grana ndizo zilizotengenezwa chache kuliko zote. Leo wakusanyaji wa saa huzitafuta hata wakazipata zote 12, na kwa sababu hiyo Grana yaweza kuuzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko wenzake, ijapokuwa kwa macho hazipitani sana. Basi mtoto wa askari mzee asiidharau saa nyeusi isiyo na urembo.

Jambo jingine: msidanganywe na hesabu ya vito. Saa nyingi zimeandikwa usoni kwamba zina vito 17, na watu husema, "Humu mna rubi kumi na saba!" Ni kweli, lakini ni rubi ndogo zilizotengenezwa kiwandani, zilizowekwa ili magurudumu yasisagike. Ufundi wa kutengeneza rubi za namna hiyo ulitangazwa na Mfaransa Verneuil mwaka 1902, na tangu hapo hazina bei ya maana. Vito hivyo vyaonyesha kwamba saa ilitengenezwa vizuri. Havionyeshi kwamba mna hazina.

MSIISUGUE, MSIIPAKE RANGI

Makosa yanayopoteza fedha nyingi kuliko yote hufanywa kwa nia njema. Mtu arithi saa iliyofifia, naye kwa heshima ya marehemu aipeleka kwa fundi na kumwambia, "Ifanye iwe mpya." Fundi ausugua mwili wa saa mpaka ung'ae, aupaka rangi uso wake, abadili mishale, na kutupa vya zamani. Saa yapendeza kweli, lakini kwa mkusanyaji imekwisha poteza sehemu kubwa ya thamani yake, pengine nusu au zaidi. Kwake yeye uso wa asili, hata ukiwa na madoa, ni bora kuliko uso uliopakwa jana. Wanunuzi wa saa kuukuu wazijua sana saa zilizopakwa rangi upya huko Mumbai, zenye nyuso za rangi kali na majina makubwa ya Uswisi, na huzipa bei ndogo.

Iko na sababu ya afya. Saa za zamani zilizong'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka, lakini radiamu yenyewe haiishi, maana huchukua miaka karibu 1,600 kupunguka nusu yake. Saa ya mwaka 1945 bado inayo karibu yote. Katika Marekani, katika miaka ya 1920, wasichana waliokuwa wakipaka nyuso za saa viwandani walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa na taya, na baadhi yao walikufa. Shauri la wanawake watano wa New Jersey lilimalizika kwa mapatano mwaka 1928, nao wakalipwa. Hatari i katika vumbi la rangi hiyo likiingia mdomoni au mapafuni. Kwa hiyo msiifungue saa ya namna hiyo nyumbani, msiikwangue uso wake, wala msiwape watoto kuichezea.

Ikiwa saa imesimama, msizungushe kifungo chake kwa nguvu, maana mafuta yakikauka kamani yaweza kukatika na meno ya magurudumu kuvunjika. Na ikiwa ni ya betri, mpeni fundi aitoe betri iliyokufa kabla haijatokwa na maji yake na kuila mashine.

DHAHABU NA DHAHABU YA KUCHOVYA

Saa ikiwa ya rangi ya dhahabu, tazameni chapa iliyo ndani ya kifuniko cha nyuma. Tarakimu 750 maana yake ni dhahabu ya karati 18, yaani katika sehemu elfu moja, 750 ni dhahabu safi. Tarakimu 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Hesabu yake ni nyepesi. Kasha la saa peke yake, bila mashine na kioo, likiwa na uzito wa gramu 12, na chapa yake ikiwa 750, mna gramu 9 za dhahabu safi. Chapa ikiwa 375, mna gramu 4 na nusu. Zidisheni kwa bei ya gramu moja ya siku hiyo, nanyi mmepata bei ya chini kabisa, ambayo saa haipaswi kuuzwa chini yake. Msikubali kulipwa bei hiyo tu kabla hamjajua jina na aina ya saa, kwa kuwa sonara akishaiyeyusha hairudi tena.

Lakini saa nyingi za rangi hiyo si za dhahabu. Zimechovywa tu. Mkiona tarakimu 20 pamoja na neno linalohusu mikroni, huo ni unene wa dhahabu iliyo juu. Milimita moja mkiigawa mara elfu, basi unene wake ni vipande 20 vya hiyo. Dhahabu ya namna hii haina bei ya kupima kwa mizani.

JINA LA MWENYE SAA

Je, jina lililochorwa mgongoni laongeza thamani? Wengi hudhani ndivyo. Baadhi ya waajiri walikuwa na desturi ya kumpa mtu saa baada ya utumishi wa miaka mingi, na jina lake na tarehe vikachorwa. Kwa jamaa zake hiyo ni heshima isiyo na kifani. Sokoni, hata hivyo, mara nyingi hupunguza bei, maana mnunuzi hapendi kuvaa jina la mtu asiyemjua.

Huongeza pale tu mwenyewe anapojulikana na ulimwengu, na ushahidi uwepo. Saa ya dhahabu ya Patek Philippe iliyokuwa ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, aliyeondolewa kitini mwaka 1974, iliuzwa mnadani Geneva mwaka 2017 kwa karibu faranga milioni 2.9 za Uswisi. Nawaomba mwangalie jambo hili: saa hiyo ilikuwa imekwisha ondolewa mnadani mara moja kabla ya hapo, kwa sababu palitokea ubishi juu ya nani mwenye haki nayo. Hata saa ya mfalme haina bei mpaka ijulikane mwenyewe ni nani.

Mwaka huo huo huko New York iliuzwa Rolex iliyokuwa ya Paul Newman, mchezaji wa sinema wa Marekani. Mgongoni mkewe alikuwa amechora maneno ya kumwonya aendeshe gari kwa uangalifu. Nyundo ya mnadi ilianguka kwenye dola milioni 15.5, lakini mnunuzi alilipa zaidi ya milioni 17.7, kwa kuwa juu ya bei ya nyundo kuna ada ya nyumba ya mnada. Muuzaji naye hukatwa ada yake. Mtu akisikia bei ya mnada magazetini, akumbuke kwamba si yote iingiayo mfukoni mwa mwenye saa.

Nami lazima niseme ukweli mwingine, hata kama haupendezi. Saa nyingi sana za baba zetu hazina bei kubwa. Zilikuwa saa nzuri, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni. Na baada ya Seiko kutoa saa ya kwanza ya mkono ya betri na kwazi huko Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, saa zikawa rahisi ulimwenguni kote. Katika Uswisi watu walioajiriwa katika kazi ya saa walipungua kutoka karibu 90,000 mwaka 1970 hata karibu 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Saa ya kawaida yaweza kumgharimu mtu kwa fundi kuliko bei yake sokoni. Afadhali ndugu wajue jambo hili mapema, kuliko kuvunja udugu kwa ajili ya kitu ambacho hakitoshi hata kununua mbuzi.

NANI AKADIRIE?

Nenda kwa fundi wa saa mwenye sifa njema, na umwambie tangu mlangoni kwamba huuzi. Mlipe ujira uliopatana kwa kazi ya kutazama tu. Usikubali ujira unaopanda kwa kadiri ya thamani, maana huo humvuta kutaja bei kubwa, kama vile tamaa ya kununua imvutavyo mtu kutaja ndogo. Mwombe aifungue mbele yako, upige picha ya mashine na nambari zake. Picha hiyo itakulinda, kwa sababu mashine nzuri yaweza kubadilishwa na nyingine, nawe usijue mpaka mwisho wa maisha yako. Ikiwa sharti aibaki nayo, akupe stakabadhi yenye jina la saa na nambari yake. Stakabadhi iliyoandikwa "saa moja kuukuu" haina maana.

Kisha linganisha. Katika intaneti utaziona bei nyingi, lakini ziko za namna mbili. Iko bei ambayo muuzaji aitaka, na iko bei ambayo mnunuzi alilipa. Ya kwanza ni matumaini, ya pili ni habari. Nyumba kubwa za mnada hutangaza bei zilizolipwa, nazo ndizo za kufuata. Hakikisha unalinganisha aina ile ile, ya madini yale yale, na ya hali ile ile. Viwanda vingine, kama Patek Philippe na Longines, vimehifadhi madaftari ya kale na huweza kumthibitishia mwenye saa ni lini ilitengenezwa. Na ikiwa jina ni kubwa kama Rolex, fundi athibitishe kwanza kwamba si ya kuigiza, maana za kuigiza ni nyingi mno.

Kadirio la haki huandikwa. Sharti liwe na jina na aina ya saa, nambari zake, madini, hali yake, sababu ya kukadiria, tarehe, na sahihi ya mkadiriaji. Pata makadirio mawili ikiwezekana. Yakitofautiana kidogo, chukua ya katikati. Yakitofautiana sana, uliza sababu.

KUGAWANA KITU KISICHOGAWANYIKA

Tuseme sasa kwamba mama mwenyewe ameridhia saa iende kwa wanawe, au kwamba hayupo tena. Saa haikatwi vipande vitatu. Ikiwa imekadiriwa shilingi 60,000, na warithi ni watatu wenye haki sawa, anayeichukua amepokea 60,000, naye awape wenzake 20,000 kila mmoja, au fungu lake katika mali nyingine lipunguzwe kwa kadiri hiyo.

Ikiwa hawakubaliani juu ya kadirio, iko njia nyingine. Kila mmoja aandike katika karatasi, kwa siri, bei ambayo yeye yu tayari kuichukulia saa. Karatasi zifunguliwe pamoja mbele ya mzee wa ukoo. Aliyeandika bei kubwa kuliko wote aichukue, na awalipe wenzake mafungu yao kwa bei ile aliyoiandika yeye. Hapo kila mtu hunyamaza, maana asemaye ni ya bei kubwa aweza kuichukua kwa bei hiyo, na asemaye ni ya bure hupokea fedha kutoka kwa mwingine. Njia hii yafaa pia kwa dada zetu, ambao nao ni warithi kwa sheria hiyo hiyo ya 1981, ijapokuwa mara nyingi husahauliwa vikao vinapokaa.

Wala mtu asicheke ikiwa mmoja ataandika bei inayopita ya soko mara mbili. Huyo ananunua mkono wa baba yake uliokuwa ukiivaa, na hicho ni kitu ambacho hakuna dirisha la duka linalokiuza. Kosa ni kumtaka mwingine alipie mapenzi yako, au kuyaficha mapenzi nyuma ya maneno ya bei. Aliye na mapenzi aseme, "Mimi naitaka kwa sababu ya baba," na aliye na haja ya fedha aseme, "Mimi nina ada ya shule ya watoto." Maneno yote mawili ni ya heshima, na yakisemwa wazi ndugu hupatana upesi.

Sasa nageukia wazee ambao bado wapo nasi, na watoto wao. Kazi yote niliyoieleza hapa ya kusoma chapa na kutafuta nambari ingalikuwa nyepesi kama mwenye saa angaliandika mistari mitano tu: aliinunua wapi, mwaka gani, kwa bei gani, ilitengenezwa na fundi yupi, na angependa iwe ya nani. Stakabadhi ya duka iliyohifadhiwa pamoja na saa hufanya kazi ya mashahidi kumi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wewe kijana uliye na baba mwenye saa mkononi, Jumapili hii keti naye, mwulize habari zake, uandike, naye atie sahihi. Huenda mazungumzo hayo yenyewe yakawa ndiyo urithi utakaoupenda zaidi.